Rangi za maji kama njia ya kutuliza akili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nina kibaraza hapa Tanga, mkeka, meza mbili fupi na ndoo ya maji. Jumamosi asubuhi huja watu watano, sita, siku nyingine mmoja tu, tukapaka rangi bila kuchora kitu. Maswali wanayouliza kabla ya kuja, na yale wanayouliza brashi ikiwa mkononi, ni yaleyale kila mwezi. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu yangu. Mengine ni marefu kuliko swali lilivyostahili, mnisamehe.

Hasa mnafanya nini?

Tunalowesha karatasi, tunadondosha rangi, tunaitazama inavyokwenda. Basi. Hatuchori mnazi wala jahazi wala twiga. Hakuna penseli, hakuna picha ya kuigiza, hakuna anayepita nyuma yako kukuambia mkono wako mzito. Tunayaita majaribio kwa sababu kila karatasi inaulizwa jambo moja: nikitia chumvi hapa itakuwaje? Nikiuinamisha ubao? Nikidondosha maji safi juu ya rangi iliyoanza kukauka? Halafu tunangoja jibu, na jibu lenyewe halina haraka.

Watu wengi hudhani utulivu unatoka kwenye uzuri wa rangi. Mimi nauona unatoka kwenye zile dakika ambazo mkono unawasha kugusa na wewe unauzuia. Maji yakishatua kwenye karatasi yana kazi yao, na kazi hiyo hayataki msaada wako. (Methali ya subira naijua. Kila mgeni huitaja kabla chai haijapoa.)

Sijui kuchora hata kidogo. Nije?

Njoo. Wanaopata tabu ni wanaojua. Alikuja kijana mmoja mwandika mabango, mkono wake kwenye herufi ni wa ajabu, na muda wote alihangaika kuyageuza madoa yake yawe mawimbi ya bahari. Alipoondoka alikuwa amechoka kuliko alivyokuja. Wiki ya tatu ndipo alipoliacha doa liwe doa.

Nilikwenda dukani nikaomba "rangi za maji", nikapewa ndoo ya lita nne. Nimekosea wapi?

Hujakosea, ni lugha tu imetuchezea. Kwa fundi na kwa muuza vifaa vya ujenzi, rangi ya maji ni ile ya kupaka ukuta, iliyo kinyume cha rangi ya mafuta. Hata mimi nilirudi nyumbani na kopo la namna hiyo siku za mwanzo, nikajaribu kulitumia kwa ubishi. Rangi ya ukutani imetengenezwa na gundi ya kiplastiki: ikikauka imekauka, humwagii maji ikalegea tena.

Hizi zetu ni unga laini wa rangi uliochanganywa na ulimbo wa mgunga, ule unaotoka kwenye gome la mti ukichanjwa. Nchi inayoutoa kwa wingi kuliko zote duniani ni Sudan, na ndio huohuo unaotiwa kwenye soda na peremende. Ulimbo huu ukikauka huyeyuka tena ukikutana na maji, leo, kesho au baada ya miaka. Mchezo wetu wote unakaa juu ya tabia hiyo moja. Kwa hiyo nenda steshenari kubwa au kwa wauza vifaa vya sanaa, useme unataka rangi za maji za kuchorea, za vidonge au za tyubu. Na wakikuuliza kama ni "maji ya kunde", wanakutania.

Ninunue nini kwanza?

Karatasi. Ukiwa na pesa kidogo, zote zipeleke kwenye karatasi, rangi utanunua za bei ya chini. Karatasi ya kawaida ya ofisini ina gramu 80 kwa mita ya mraba. Ukiilowesha inajikunja kama chapati ya jana na rangi inazama papo hapo. Manila ya shuleni inavumilia kidogo, halafu inaanza kutoa nyuzi. Tafuta karatasi ya rangi za maji ya gramu 300, na ukiweza iwe ya pamba tupu. Karatasi nzuri hupakwa gundi maalumu kiwandani, mara nyingi jelatini, ili maji yakae juu na kutembea badala ya kunywewa mara moja. Bila gundi hiyo hakuna cha kutazama.

Ni ghali, sikatai. Lakini shiti kamili ina sentimita 56 kwa 76, na ukiikunja mara tatu na kuikata unapata vipande vinane. Kipande kimoja kinatosha Jumamosi nzima, na upande wa nyuma nao unatumika.

Rangi tatu zinatosha: buluu ya ultramarini, kahawia nyekundu inayoitwa siena ya kuchomwa, na njano yoyote isiyo na kadimiamu, metali yenye sumu. Buluu na kahawia hiyo zikikutana kwenye maji hutoa kijivu cha mawingu ya masika, kisha chembe zake zinaanza kuachana tena mbele ya macho yako, buluu inatuama kwenye mabonde ya karatasi na kahawia inaelea kwingine. Nimeitazama mara mia na bado sijachoka.

Brashi moja pana ya kulowesha na moja ya mviringo. Vikombe viwili. Kitambaa cha kanga kuukuu. Ubao wowote, hata mgongo wa sinia.

Kipindi kimoja huendaje, tangu mwanzo?

Tunaanza saa tatu asubuhi. Kila mtu ana kipande chake kilichobandikwa ubaoni pande zote nne kwa tepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi. Mwanzoni hatugusi kitu. Tunakaa, tunasikia pikipiki, kuku, mwenye vitumbua anapita. Kisha tunalowesha.

Lowesha kwa brashi pana kutoka juu kwenda chini, mara mbili, bila kusugua. Halafu inama mpaka jicho lako liwe usawa wa meza, uitazame karatasi kwa ubavu. Utaona maji yanang'aa kama kioo. Ukidondosha rangi sasa, itakimbia mpaka ukingoni na kupauka. Ngoja. Baada ya dakika moja au mbili kioo kinaanza kufa kuanzia pembeni, mng'ao unakuwa wa hariri. Hapo ndipo. Vuta pumzi, na unapoitoa, dondosha tone moja la buluu. Litafunguka polepole, litatoa manyoya, litasimama kabla ya kufika mbali.

Matone matatu, yasizidi. Kisha brashi chini, mikono mapajani. Chagua ukingo mmoja wa tone moja na uufuate kwa macho mpaka usimame kabisa. Akili itakwenda kwenye ada ya shule, kwenye neno ulilojibiwa jana, kwenye gesi iliyokaribia kuisha. Ukigundua imekwenda, rudi kwenye ukingo. Hufukuzi mawazo wala huyagombezi. Unarudi tu, na kila ukirudi utakuta ukingo umehama kidogo. Kwa wengi hili ni rahisi kuliko kufuata pumzi macho yakiwa yamefumbwa, maana kuna kitu cha kuonekana kinachobadilika.

Kuna wakati mmoja wa hatari. Mng'ao ukishapotea, karatasi huonekana kavu, lakini ukiigusisha mgongo wa kiganja utahisi ubaridi: bado ina maji ndani. Kila mgeni hutaka kurekebisha kitu wakati huo, na kila mgeni huharibu. Hapo ndipo tunanyanyuka kunywa chai, nami husimama karibu na meza kama mlinzi.

Kwa jumla ni dakika arobaini, hamsini.

Nimedondosha maji kidogo mwishoni, yakafanya doa lenye meno meno kama matumbawe. Nimekosea?

Vitabu vya ufundi vitakuambia ndiyo. Sisi tunayaita matumbawe vilevile, na mara nyingine tunayatafuta kwa makusudi. Sehemu yenye maji mengi zaidi husukuma maji kuelekea sehemu iliyoanza kukauka, na maji yanapokwenda yanabeba chembe za rangi, yanazitupa pale yalipoishiwa nguvu. Ule mstari wa meno ndio mpaka wao.

Ndugu yake ni ile duara nyeusi inayobaki pembezoni mwa tone likikauka, kama doa la kahawa chungu kwenye meza ya muuza kahawa. Mwaka 1997 wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza jambo hilo katika jarida la Nature: ukingo wa tone umeng'ang'ania pale ulipo, na maji huvukizwa kwa kasi zaidi ukingoni, ili kufidia, maji ya katikati hutiririka kwenda nje na kuzibeba chembe mpaka ukingoni. Nimewahi kulieleza hili nikiwa na kikombe mkononi na watu wakaacha kupaka, wakakaa kulitazama doa la kahawa. Sikuwakataza.

Chumvi, spiriti, nailoni: kila kimoja hufanya nini?

Chumvi ya mawe inyunyize wakati wa mng'ao wa hariri. Kila punje inanywa maji ya jirani yake na kuivuruga rangi, na karatasi ikikauka unapukuta chumvi unakuta nyota nyeupe. Chumvi laini ya mezani hutoa vumbi tu. Usiache karatasi na chumvi yake mpaka kesho. Hewa ya pwani itaifanya ilie tena.

Spiriti, tone moja kwa ncha ya kijiti, huifukuza rangi pande zote na kuacha duara jeupe lenye kitovu, kama jicho la samaki. Mvutano wa uso wa spiriti ni mdogo kuliko wa maji, kwa hiyo maji yanakimbilia kule mvutano ulikozidi. Fanya hivyo mahali penye hewa, mbali na jiko.

Nailoni ya kufunikia chakula ikunje kunje uilaze juu ya rangi bichi, usiifunue mpaka ikauke. Mshumaa ukiusugua kwanza kwenye karatasi, maji yatapakwepa mahali hapo daima. Nyuzi, majani makavu ya mwembe, kitambaa cha chachi, vyote vimepita kwenye meza hizi.

Lakini kitu kimoja kwa karatasi moja, tafadhali. Ukimwaga kila kitu kwa pamoja hutajua nani alifanya nini, na macho hayatakuwa na pa kutulia.

Kila ninachofanya kinaishia kuwa tope.

Umechanganya rangi nyingi mno, au umeigusa mno. Mara nyingi ni la pili. Osha brashi, iweke chini, kaa juu ya mikono yako ikibidi.

Masika karatasi haikauki. Nitumie mashine ya nywele?

Unaweza, ila utakuwa umeifukuza sehemu iliyokuleta. Upepo wa mashine pia unasukuma rangi na kuibadilisha sura. Wakati wa kaskazi, jua na upepo hukausha kipande kwa robo saa. Kuanzia Machi mpaka Mei hewa yenyewe imelowa na kipande kilekile kinaweza kukuweka saa nzima. Mimi hupenda masika zaidi: rangi inatembea muda mrefu. Ukiona inakukera, tumia maji kidogo wakati wa kulowesha.

Tatizo la kweli la masika ni ukungu. Vidonge vya rangi vilivyofungiwa vikiwa vibichi huota manyoya ya kijivu ndani ya siku chache. Viache wazi vikauke kwanza ndipo ufunge boksi. Na ukitengeneza rangi mwenyewe, tia tone la mafuta ya karafuu. Watengenezaji wa rangi wa Ulaya wamelitumia kwa muda mrefu kuzuia ukungu, na sisi tunakaa mlango mmoja na Pemba. Angalia pia rangi zilizotiwa asali: ni laini, nzuri, na sisimizi wanazijua.

Maji ya kisima yanafaa?

Yanafaa, ila yana tabia yake. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvichumvi, na maji ya namna hiyo hufanya chembe za rangi zishikamane na kutuama kwa mafungu. Ultramarini kwenye maji ya kisima huonekana kama mchanga mzuri. Kwenye maji ya mvua hulala laini zaidi. Jaribu yote mawili kwenye karatasi moja, nusu kwa nusu. Maji ya bahari nayo nimeyajaribu. Karatasi hiyo huwa mbichi kila mvua ikikaribia, naitumia kutabiri hali ya hewa.

Naweza kutengeneza rangi mwenyewe kwa vitu vya nyumbani?

Swali nilipendalo. Ndiyo, na kutengeneza kwenyewe kunatuliza kuliko kupaka.

Anza na udongo mwekundu. Wangu huja na basi kutoka Lushoto, ndani ya chupa ya maji, kwa hisani ya shemeji. Uponde, uuchekeche, uukoroge kwenye maji mengi. Hesabu pumzi ishirini ili mchanga ushuke chini, kisha yamimine yale maji mekundu kwenye chombo cha pili. Yaache siku mbili. Juu yatabaki maji meupe, uyamwage; chini utakuta tope laini kama krimu, ulianike. Huo ndio unga wako. Wekundu wake ni kutu ya chuma na haupauki kwa jua: michoro ya mapangoni kule Kondoa, iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, ina wekundu wa jamii hiyohiyo na bado unaonekana.

Gundi: sehemu moja ya ulimbo wa mgunga uliopondwa kwa sehemu mbili za maji moto, ulale usiku kucha, uchuje kwa kitambaa. Ongeza asali kidogo ili isipasuke ikikauka, na lile tone la karafuu. Weka unga kijiko kimoja kwenye kigae laini, mimina gundi kiasi hichohicho, saga kwa kitako cha glasi nzito kwa mizunguko. Mwanzoni utasikia inakwaruza. Endelea. Baada ya dakika kumi, ishirini, mkwaruzo unakuwa mnong'ono, kisha kimya. Ukimya huo ndio dalili kwamba iko tayari.

Mkaa uliosagwa unatoa nyeusi ya joto. Buluu ya unga ya kufulia, ile bibi zetu walitia kwenye suuza ya mwisho ya kanzu, kwa asili ni ultramarini, madini yaleyale ya tyubu ya msanii. Zamani rangi hiyo ilisagwa kutoka jiwe la lapis lazuli la Badakhshan, Afghanistan, kwa bei ya kutisha. Mwaka 1828 Mfaransa Jean-Baptiste Guimet akafahamika kwa kuitengeneza kiwandani, na bei ikaanguka mpaka ikafika kwenye beseni la kufulia.

Rozela, wengine mnaiita choya, ni mchezo wa watoto na wakubwa. Chemsha maua machache, paka maji yake kwenye karatasi. Dondosha ndimu upande mmoja: inawaka nyekundu. Dondosha maji ya magadi upande wa pili: inageuka buluu, kijani, kijivu. Manjano ya jikoni ikikutana na magadi inakuwa nyekundu ya kutu. Furahini nayo siku hiyo, maana rozela na manjano hupauka upesi kwa jua. Usimpe mtu zawadi ya harusi.

Hii tafakuri ni ya dini gani? Mama mkwe anauliza.

Mwambie shikamoo kwanza. Hakuna mantra, sanamu, ubani wala maneno ya kurudiarudia. Neno "tafakuri" lenyewe linatupotosha kidogo, kwa sababu kutafakari kwa Kiswahili ni kuzamisha fikra ndani ya jambo, na hapa tunazipumzisha. Wengine husema "taamuli". Mimi nikiwa peke yangu nasema "kukaa na maji".

Kila mtu huja na chake. Bibi mmoja humtaja Mola wake kimoyomoyo kwa kila tone. Jirani yake, Mlutheri wa milimani, hukaa kimya tu. Hawajawahi kugombana, isipokuwa kuhusu nani aliyechukua brashi pana.

Kuna utafiti unaoonyesha inapunguza msongo wa mawazo?

Upo, lakini tusiukuze. Mwaka 2016 Girija Kaimal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walichapisha utafiti wa watu wazima 39. Kila mmoja alikaa dakika 45 akitengeneza chochote kwa kalamu za rangi, udongo au vipande vya karatasi, na mate yake yakapimwa kabla na baada. Karibu robo tatu walionekana kushuka kiwango cha kotisoli, homoni inayohusishwa na msongo. Waliokuwa na uzoefu wa sanaa na wasiokuwa nao hawakuachana kwa hilo.

Lakini robo iliyobaki haikushuka, na wapo ambao kiwango kilipanda. Watu 39 ni wachache, hakukuwa na kundi la kulinganisha, na wala hawakutumia rangi za maji. Anayekuuzia boksi la rangi kwa kukuambia sayansi imethibitisha anauza boksi.

Basi ni tiba?

Hapana. Tiba kwa sanaa ni taaluma yenye mafunzo yake. Jina lake la Kiingereza lilianzishwa na mchoraji Adrian Hill mwaka 1942, baada ya yeye mwenyewe kulazwa kwa kifua kikuu huko Sussex, Uingereza, na kugundua kuwa kuchora kulimsaidia kitandani. Mimi si mtaalamu huo. Ukikosa usingizi wiki nzima, ukiwa na majonzi yasiyokuachia au mawazo ya kujidhuru, nenda hospitali, mwambie mtu wa karibu leo hii. Kibaraza kitakungoja.

Na jambo jingine halisemwi sana: kukaa kimya huamsha vitu. Mama mmoja aliyefiwa alitazama tone likisambaa, akaanza kulia, akaendelea mpaka tulipokunja mkeka. Hatukumuuliza kitu. Mtu alimsogezea kitambaa, kile cha rangi, akajifuta akawa na shavu la buluu.

Kuacha maji yafanye yatakavyo ni mtindo wa siku hizi?

Ni wa zamani. Mwaka 1785 huko London, mchoraji Alexander Cozens alifundisha kuanza mandhari kwa mabaka ya wino yaliyomwagwa ovyo, hata kwenye karatasi iliyofinyangwa kwanza, kisha ndipo mtu atafute mlima na miti ndani yake. Mwaka 1818, katika nyumba ya Farnley Hall kule Yorkshire, mchoraji wa Kiingereza J.M.W. Turner aliombwa aonyeshe ukubwa wa manowari. Kijana wa nyumba hiyo alimtazama akimimina rangi mpaka karatasi ikalowa chapachapa, akaichana, akaikwaruza, akaisugua kama mwenye wazimu, na kutoka kwenye vurugu hiyo meli ikajitokeza. Chakula cha mchana kilikuta kazi imekwisha. Siyo utulivu kwa maana yetu, lakini maji aliyaamini.

Aliye karibu nami zaidi ni mchoraji Paul Klee. Aprili 1914 alikwenda Tunisia na wachoraji wenzake August Macke na Louis Moilliet, na jioni moja mjini Kairouan aliandika kwenye shajara yake kwamba rangi imemshika, hana haja tena ya kuikimbiza. Alikuwa na umri wa miaka 34 na alikuwa amechora maisha yake yote. Macke aliuawa vitani Septemba mwaka huohuo.

Huku kwetu mkono wa uchoraji umekwenda njia nyingine. Edward Saidi Tingatinga alianza Dar es Salaam miaka ya mwisho ya 1960 kwa rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli, juu ya mbao nyembamba: rangi nzito, ukingo mkali, chui anakaa pale ulipomweka. Naipenda. Ila chui yule hatoroki, na hapa tunataka atoroke.

Watoto wanaruhusiwa?

Ndiyo, wakiwa na mzazi. Hawafundishwi kungoja; wanafundishwa wasinywe maji ya brashi.

Kuna hatari gani za kiafya?

Soma lebo. Rangi zenye kadimiamu au kobalti usizisage zikiwa unga, usizipulize, na usilambe brashi kuichonga ncha hata kama umeona wachoraji wakifanya hivyo. Kikombe cha rangi kiwe na alama. Mimi ni mwalimu wa kibaraza hiki na nimeshachovya brashi kwenye chai mara nyingi, na mara mbili nimekosea upande mbaya zaidi.

Nipige picha niweke mtandaoni?

Ikishakauka. Ukishika simu kabla ya hapo umeondoka kibarazani.

Karatasi zimerundikana. Nizifanyeje?

Andika tarehe na jaribio lake nyuma: "chumvi, maji ya kisima, mvua". Chache zikate ziwe kadi za Idd au alama za kitabu. Zilizokuudhi zisuuze chini ya bomba. Rangi nyingi itatoka na kubaki kivuli, na juu ya kivuli hicho utaanza upya bila kununua karatasi. Nyingine zigawe. Chache sana ndizo za kuweka.

Za kwangu za miaka miwili ya mwanzo nilizihifadhi kwenye sanduku la mbao chini ya kitanda. Mchwa walipitia ukutani. Nilipofungua nilikuta unga, na ile mistari ya tepu ya pembeni, mizima kabisa, imekaa kwa umbo la mstatili juu ya mstatili. Sanduku la sasa ni la bati.